Kimelala Wapi?

Kabla hajakusalimia, Jatedo alitazama kwanza ulichobeba. Kama ni kitu cha kuliwa, aliuliza, "Kimelala wapi hiki?" Ukijibu kwamba kimelala shambani, au ziwani, na kimetoka asubuhi hii, hapo ndipo mkono wake uliponyooka na salamu zikafuata: za mama, za watoto, mpaka za ng'ombe. Ukijibu kimelala Nakuru, alishika kiuno.

"Nakuru kililala kwa nani?"

Jatedo ni mpishi, kwa Kijaluo. Jina lake la nyumbani nalijua na siliandiki, kwa sababu liliburutwa vya kutosha, na mmoja wa walioliburuta ni mimi. Wenzangu wa kuliburuta nitawataja. Niliishia darasa la nne, nikawa askari wa geti kwenye kiwanda cha magunia Kisumu, si mbali na mtaa wa Kaloleni, na yeye alikuwa mpishi wa kantini yetu. Ini langu liliharibika mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo, na mpaka leo mafuta ya nyama yakinuka nageuza uso. Wafanyakazi wenzangu wanne hawakupata hata nafasi ya kugeuza uso. Nitafika huko. Kwanza niseme alivyokuwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kusemwa vizuri na hakusemwa.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na vidole vimekakamaa kwa moto hadi akishika kaa la moto kuwashia sigara hakuharakisha. Kofia yake ya kazi ilikatwa kutoka gunia letu wenyewe. Alisema kofia nyeupe ni ya mpishi wa hoteli anayepikia watu asiowajua.

Alikuwa na sheria moja jikoni, na wote tuliijua kama tulivyojua saa ya king'ora: hapiki kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukifuata kwa miguu mpaka kinapotoka. Si kila siku, lakini mara moja lazima. Omena na ngege, samaki wa ziwa letu, aliwajua ufuoni Dunga, mashua kwa mashua. Alikuwa akifika pale jua halijachomoza, anasimama majini mpaka magotini, suruali imekunjwa, anapinda mkia wa samaki kuona kama utarudi. Mrenda na osuga, mboga zetu za kienyeji, alijua kila mama aliyezipanda na maji aliyonyweshea. Mchele aliufuata uwanda wa Kano, akalala huko kwa mkulima ili aone unavyokaushwa. Na mahindi, hayo yalitoka kwao Nyakach, juu Nyabondo, kwa watu aliowaita kwa majina ya mama zao.

"Safari inakula chakula kabla yako," alikuwa akisema. "Mboga ikitoka mbali, barabara imeshachukua utamu, jua limechukua maji, wewe unaletewa majani ya kufungia."

Watu wa ofisi walimcheka. Walisema Mzee anapikia wanaume mia kana kwamba anapikia mama mkwe. Lakini kengele ya saa saba ikilia, hao hao wa ofisi walishuka na sahani zao, wakajipanga nyuma ya wapakiaji.

Mwanaume kupika kwetu si jambo la kupita bila neno. Pale Dunga kulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki, mwenye sauti ya kufukuza ndege, ambaye hakumwacha apite hivi hivi hata siku moja.

"Jatedo! Wake wawili nyumbani na mwiko unashika wewe. Wao wanafanya nini?"

"Wanapumzika, Mama. Wanangoja mwanaume anayejua chumvi. Wako anajua nini?"

"Wangu anajua kula!"

"Basi mlete kantini, tumalize kazi uliyoanza."

Ufuo mzima ulicheka, na mama huyo alimchagulia samaki wake wa chini ya kapu, wale waliokuwa bado wanapanua mashavu.

Sasa msimfanye mtakatifu. Alikuwa na kiburi kama cha jogoo wa mjane. Ukiongeza chumvi kwenye sahani kabla hujaonja, kesho yake alikupa ukoko. Watu wa wilaya zingine aliwadharau waziwazi: sukuma wiki iliyoshuka kutoka milima ya Kisii aliiita mgeni, akaipika mwisho. Siku moja fundi wa mashine, kijana mchokozi, akamwambia mbele ya foleni, "Mzee, si mke wako mdogo ametoka huko huko Kisii? Yeye hukumuuliza amelala wapi?"

Jatedo hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Huyo nilimfuata mwenyewe kwa miguu. Na alikolala, nilikuwepo."

Tena alikuwa na siri. Nyuma ya rundo la kuni, ndani ya debe kuukuu, alificha samaki wa mkebe. Samaki wa mkebe! Mtu wa ziwa, mtu anayepinda mikia Dunga, akawa anajifungia pale Ijumaa baada ya kazi na mkebe wenye picha ya samaki asiyemjua, aliyevuliwa bahari gani hata msoma ramani hawezi kusema, akala kwa vidole na kulamba mchuzi mwekundu. Nilimfumania. Nilikuwa nimekwenda kuomba kuni za kuota moto getini, nikamkuta mkebe mkononi na midomo myekundu kama bibi harusi.

"Mzee," nikasema, "huyo amelala wapi?"

Akalamba kidole. "Huyu hajalala," akasema. "Huyu amekufa. Huyu si chakula, Askari, huyu ni sinema. Funga mlango."

Tukala pamoja. Kuanzia hapo tukawa marafiki, kwa sababu mtu uliyemshika na aibu yake ndogo akakumegea nusu, huyo si mtu wa kumwacha. Askari wa geti haruhusiwi kuacha geti saa ya chakula, kwa hiyo zamani nilikuwa nakula baridi. Baada ya mkebe ule, Jatedo aliniletea sahani mwenyewe, imefunikwa kwa sahani nyingine, akivuka uwanja na ile kofia ya gunia. Aliiweka juu ya kitabu changu cha geti, akasema kilipolala: "Ugali Nyabondo. Omena Dunga. Chumvi tu ndiyo sijui mama yake."

Aliniambia kazi yangu ni sawa na yake. "Wewe unaangalia mdomo wa kiwanda, mimi naangalia midomo ya watu. Lori la chakula likiingia, liulize. Dereva hudanganya meneja. Hana haja ya kudanganya askari."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka mingi. Mimi niliuliza malori, yeye aliniuliza mimi.

Alikuwa na njia yake ya kujua nafaka. Hakutazama mahindi kwa juu, kwa sababu alisema juu ni mahali pa kuwekea uongo. Alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akafumba macho kama mkunga. Gunia zuri ni baridi ndani. Gunia lililonyeshewa likafungwa na maji yake, tumbo lake lina joto, na hata ukilianika likawa jeupe juu, ndani homa ipo. "Hili linaumwa," alisema, na gunia likarudi lilikotoka, hata liwe limeletwa na nani. Mwaka wa njaa, watu walipokula mahindi ya njano kwa shukrani na kunung'unika, yeye aliyakubali, kwa sababu njaa ni njaa, lakini alipima kila gunia kwa kiwiko, akatupa mawili huku wasimamizi wakipiga kelele.

Na kila siku, kabla ya foleni kuanza, alisimama mlangoni na kijiko, akachota kwenye kila sufuria, akala mbele yetu. Kuondoa uchawi, kama mwenye nyumba anavyoonja kwanza kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu. Wengine waliona ni mchezo. Yeye hakucheka hata siku moja alipokuwa akionja.

Sasa niwataje.

Karani wa stoo aliitwa Abuto. Kontrakta aliyeanza kutuletea chakula aliitwa Wasonga, na alikuwa shemeji wa meneja wetu, Okumba. Hao watatu walichoka na mpishi anayechagua. Mkulima wa Nyabondo hana cha kumpa karani ila kuku. Kontrakta ana mengi. Lakini hakuna gunia la Wasonga lililopita kiwiko cha Jatedo, kwa hiyo walingoja kiwiko kisiwepo.

Kwetu mwenye boma ndiye anayefungua kupanda, yeye na mke wake mkubwa. Mpaka afanye hivyo, hakuna mtu ndani ya boma lile anayegusa udongo, awe mke mdogo au mtoto aliyeoa. Kwa hiyo kila mvua za kwanza za masika Jatedo aliomba ruhusa, akaenda kwao siku tatu. Kila mtu kiwandani alizijua siku zake. Abuto alizijua kuliko wote.

Siku ya pili ya safari yake, mchana, lori likaja getini. Turubai lake lilikuwa limechanika katikati kama suruali ya mlevi. Nikamuuliza dereva kama nilivyofundishwa.

"Umelala wapi?"

"Usiniulize, ndugu yangu," akasema. "Usiku tisa tangu bandarini. Mbili nimelala kwa matope, mvua juu yangu na juu ya mzigo. Na huko stoo ya bandari yenyewe sijui yalikaa miezi mingapi."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mbaya lakini niliandika: lori, mahindi, siku tisa. Jioni ile Abuto alikuja getini akitabasamu. Magunia yalikuwa yameshapelekwa kinu cha posho moja kwa moja, yakarudi unga. Unga hauna tumbo la kuingiza kiwiko. Akaniambia Meneja anatafuta askari wa kuandikwa kazi ya kudumu, maana mpaka siku hiyo nilikuwa kibarua. Akasema kitabu cha geti kingependeza zaidi bila ukurasa ule. Akasema ni mambo ya makaratasi tu, kontrakta hataki maneno.

Nikaurarua. Niliukunja vizuri kabla ya kuurarua, ili usiache meno.

Jatedo alirudi siku ya nne na udongo mwekundu kwenye kucha na mfuko mmoja wa unga wa muhogo, zawadi ya mke wake mkubwa kwa wapishi wenzake. Nikauandika kwenye kitabu, kwa sababu kila kinachoingia kinaandikwa. Akaenda jikoni. Baada ya muda mfupi nikamwona anavuka uwanja bila sahani.

"Askari. Kuna unga mpya stoo. Abuto anasema ni wa Nyabondo, watu wangu wameleta."

Nikafunga kitabu cha geti.

"Mvua imenipa mafua, sisikii harufu. Nikiulamba naona kama kuna uchungu kidogo, lakini ulimi wangu leo siuamini." Akanisogelea. "Pua yangu ina mafua, macho yako hayana. Kuna lori liliingia?"

Ningeweza kusema. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudia sala. Alisimama mbele yangu akipenga kamasi kwa kitambaa, akingoja, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba nitamwambia ukweli.

"Hakuna lori, Mzee."

"Ero kamano," akasema. Asante. Akaenda kupika.

Alionja kwanza, kama kawaida. Tukala. Nami nikala, msidhani nilijua. Nilidhani ni chakula kibovu kidogo, cha kuumiza tumbo la mtu mchaguzi. Tulikula wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wiki ya tatu watu wakaanza kutapika, macho yakawa ya njano, matumbo yakafura kama ngoma. Wanne walikufa, na yule fundi mchokozi alikuwa mmoja wao. Mimi nililazwa mpaka mbavu zangu zikahesabika. Jatedo pia alilazwa, kitanda cha pili kutoka changu, ngozi yake ile ya kung'aa imekuwa kama majivu. Alikuwa akigeuka kila mara kuniuliza, "Askari, umekunywa maji?"

Wakaja watu kuuliza maswali. Okumba akatoa kitabu cha geti. Kitabu hakikuwa na lori. Kitabu kilikuwa na mfuko mmoja wa unga wa muhogo, umeingizwa na mpishi, kwa mwandiko wangu. Na kila mtu wa kwetu anajua muhogo mchungu unaua. Abuto akasema mbele ya watu kwamba mpishi alichanganya muhogo wa nyumbani kwa sababu alimchukia kontrakta. Wasonga akasema anamsamehe. Fikiria hilo: Wasonga anamsamehe!

Daktari alisema ni ukungu wa mahindi. Alisema kwa Kiingereza, kwenye karatasi, na karatasi ilikwenda kwa Okumba.

Hawakumfunga. Walimfukuza tu, lakini neno lilimtangulia nyumbani. Na kwamba yeye mwenyewe alikula na kuugua halikumsaidia. Watu walisema mpishi anayejua sumu anajua na kipimo cha kubaki hai.

Mimi nikaandikwa kazi ya kudumu. Nilidumu miaka kumi na miwili, mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa kwa sababu magunia yalianza kuja kwa meli, ya bei rahisi. Okumba alijenga nyumba ya ghorofa. Abuto akawa mzee wa kanisa. Wasonga alikufa kwa uzee, kitandani, na alizikwa kwa matarumbeta.

Mwaka huo kiwanda kilipofungwa, nilikwenda kwao Nyakach, nikashuka Katito pale njia ya Kendu Bay inapogawanyika, nikauliza, nikaanza kutembea. Ilikuwa asubuhi. Karibu na kwake mama mmoja aliyekuwa akipalilia mtama alisimama kunitazama.

"Unakwenda kwa nani, Baba?"

Nikamwambia.

"Haya. Msalimie." Akainama, kisha akainuka tena. "Lakini usile."

Akanieleza bila ubaya, kama mtu anayemwonyesha mgeni shimo. Alisema mzee yule hana kosa na mtu, lakini mkono wake uliwahi kuua watu mjini. Kwenye matanga hapewi sufuria. Mahindi yake sokoni hayanunuliwi na anayemjua. Mke mkubwa alikuwa amekufa, mdogo alikuwa amerudi Kisii, na kila siku anapika chakula kizuri mpaka harufu inavuka ua, halafu anakula peke yake.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua osuga. Amekuwa mdogo zaidi. Kofia ilikuwa ile ile, imeshonwa na kushonwa. Alinyanyua uso, akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimebeba mkate na sukari.

"Mkate umelala wapi?"

"Kisumu, Mzee."

"Weka pale." Kisha akanyoosha mkono. "Askari."

Nilikuwa nimejipanga kusema polepole. Sikuweza. Nilisema nikiwa bado nimesimama, nikasema kwa sauti kubwa kwa sababu yule mama alikuwa amesogea mpaka kwenye ua na jembe lake, nami nilitaka asikie. Nilisema lori. Nilisema usiku tisa, turubai, Abuto, Wasonga, Okumba. Nilisema ukurasa niliurarua mimi. Nilisema aliniuliza na nikamdanganya.

Jatedo aliendelea kuchambua. Alitoa jani moja lenye tundu, akalitupa kando.

"Nilijua," akasema. "Walipofungua kitabu pale mezani niliona uzi umelegea. Ukitoa ukurasa mmoja, mwenzake wa upande wa pili hulegea."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na macho ya njano, Askari. Wangekufukuza, nani angekulisha?" Akachukua jani lingine. "Nikajua utakuja kusema mwenyewe. Dunga si mbali na hapa. Kaloleni si mbali na hapa. Miaka kumi na miwili." Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe ulilala wapi?"

Nikaketi chini, kwenye udongo.

Akapika. Sikumsaidia, nilikaa tu kumwangalia: ugali wa mtama, osuga na maziwa, omena walioletwa asubuhi na mvuvi asiyejua habari zake. Aliweka sahani mbele yangu, akachukua kijiko, akakinyoosha kwenye sahani yangu aonje kwanza. Pale kwenye ua mama alinyoosha shingo.

Nikamshika mkono, nikaurudisha pajani pake taratibu. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Nikala nikimtazama mama yule, polepole, tonge moja, la pili, mpaka kitako cha sahani kikaonekana. Nikaomba nyingine. Uchungu wa osuga ulikuwa umelainishwa na maziwa sawasawa, kama zamani, na chumvi haikuhitaji kuongezwa.

"Mama," nikasema, "kuja ukae."

Hakuingia. Lakini hakuondoka pia. Aliegemeza jembe kwenye ua, akafuta mikono kwenye lesso, akasimama pale pale.

Jatedo hakumwita. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya tatu. Akaiosha, ingawa ilikuwa safi. Akapakua, akaifunika kwa sahani nyingine isipoe, akaiweka kwenye kigoda upande wa ua.